Gia ya pili inachomoka: kutafuta ugonjwa wa DT 175 ya zamani

Mtu akikuambia gia za pikipiki yake zimekufa, usikimbilie spana. Mwulize kwanza: ikichomoka, inashika tena yenyewe au mpaka uipige kwa mguu? Wengi hawana jibu. Walisikia kishindo mlimani, moyo ukaruka, wakaisukuma hadi kwa fundi, na fundi akatamka hukumu: "Gia zimekwisha." Hapo injini inashushwa na kupasuliwa juu ya gunia, skrubu zinaliwa vichwa kwa bisibisi isiyo yake, kisha baada ya wiki mbili inagundulika kilichokuwa kinaruka ni cheni.

Mimi naishi Njombe, na ugonjwa wangu ni pikipiki za zamani za porini. Zamani huku kwetu ukiona Yamaha DT au Honda XL inapita, ulijua mwenyewe ni bwana shamba, mtu wa misheni au mtu wa mradi. Siku hizi barabara ni za Boxer, TVS na za Kichina. Vijana wa gereji wanazifungua hizo macho yamefumba, lakini ukiwaletea DT wanaizunguka, wanakuna kichwa, wanakuuliza kwa nini usiiuze.

Hii ninayoisimulia ni Yamaha DT 175 MX, ile yenye shokapu moja ya nyuma iliyofichwa chini ya tangi. Injini yake ni ya mipigo miwili, cc 171, gia sita. Nimeipata kwa baba mdogo, aliyekuwa bwana mifugo Makete kabla hajastaafu.

"Mwanangu, hii bado nzima," aliniambia. "Ila gia ya pili haikai. Ukipanda mlima inakuachia njiani. Fundi wa stendi kasema inataka gia zote."

"Aliifungua, baba?"

"Hakuifungua. Aliisikiliza tu."

Nikashukuru Mungu kwamba hakuifungua. Injini ambayo haijapasuliwa bado inaweza kukueleza mambo. Ikishakuwa vipande ndani ya beseni, utaona kilicholika, lakini hutajua kilikuwa kinafanya nini barabarani.

Nikaanza kwa kuiendesha. Nilichagua kilima kirefu cha udongo mgumu, nikaweka gia ya pili, nikaivuta kwa nguvu. Ikaachia: injini ikapiga kelele juu, pikipiki ikabaki inaserereka. Sikugusa pedeli. Nikasubiri. Haikurudi, mpaka nilipoipiga tena kwa mguu. Basi hiyo ni gia kweli imetoka mahali pake. Lakini nikiwa kwenye gia ya tatu na ya nne, ukifungua mafuta ghafla, kilisikika kishindo kingine, "tah!", halafu mwendo ukaendelea kama kawaida bila mimi kufanya chochote. Kitu kinachoachia na kushika chenyewe si gia iliyochomoka. Ni cheni inayoruka meno ya sproketi (lile gurudumu la meno linalobeba cheni), au sproketi inayocheza kwenye shafti, au klachi. Baba mdogo alikuwa anaviita vyote jina moja, na fundi vilevile.

Jambo jingine la kupima juu ya kiti ni upande ambao gia inakimbilia. Gia za pikipiki hazisogezwi zikaumana meno kwa meno. Jozi zote zimeumana muda wote. Kinachoshika na kuachia ni yale meno manene ya ubavuni, yanayoingia kwenye matundu ya gia ya jirani. Kila jino la ubavuni lina nyuso mbili: moja inabeba mzigo unapovuta, nyingine inabeba unapofunga mafuta na injini kuzuia mwendo mteremkoni. Ikichomoka unapovuta, uso wa mbele umelika. Ikichomoka unapofunga mafuta, ni uso wa nyuma. Ya baba mdogo ilichomoka kwa kuvuta tu. Mteremkoni gia ya pili ilikaa imetulia hata kwenye makorongo. Nikaandika hilo kwenye daftari kabla sijasahau.

Nyumbani nikaanza na vya nje, maana havina gharama. Nikafungua kifuniko kidogo cha kushoto kinachoficha sproketi ya mbele. Tope lilikuwa limeganda mpaka likawa kama tofali, na chini yake nati ya sproketi ilikuwa inageuka kwa vidole. Ile washa ya kukunja, inayozuia nati isilegee, ilikuwa imelala bapa. Aliyeifunga mara ya mwisho hakuikunja. Sproketi ilikuwa inacheza mbele na nyuma kwenye shafti, na meno yake yameshakuwa ndoano. Cheni nayo ukiivuta kwa nyuma ya sproketi kubwa ilinyanyuka mpaka unaona mwanga. Nikabadilisha vyote vitatu kwa pamoja, cheni na sproketi mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi iliyolika ni hela ya kutupa. Washa nikaikunja. Kile kishindo cha gia ya tatu na ya nne hakikusikika tena. Ya pili ikabaki vilevile, na ndivyo nilivyotegemea.

Halafu oili. Kwenye injini ya mipigo miwili oili ziko mbili zisizokutana: ile inayokwenda na petroli kulainisha pistoni na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambayo DT ina pampu yake na tangi lake pembeni, na ile ya gia na klachi, inayokaa chini kwenye injini. Watu wanajaza ya kwanza kila wiki na kuisahau ya pili kwa miaka. Niliimwaga ikiwa ya moto baada ya mzunguko mfupi, nikaipima kwenye chupa. Haikufika hata nusu ya ilivyotakiwa.

Na hapakuwa na tone hata moja chini ya pikipiki. Swali likawa: inakwenda wapi? Jibu lilikuwa kwenye ekzosi. Moshi mweupe mzito, usioisha hata injini ikipata moto, na plagi inayotoka imelowa. Upande wa kulia wa krenki kuna sili, ringi ya mpira ya kuzuia oili, inayotenganisha chumba cha krenki na chumba cha klachi. Ikikauka na kupasuka, krenki inanyonya oili ya gia na kuichoma. Fundi wengi wakiona moshi ule wanalaumu pampu ya oili, wanaipunguza au kuing'oa kabisa wachanganye kwa mkono, na sili inaendelea kunyonya. Gia zinakauka taratibu, hakuna anayejua. Kama ingekuwa kinyume, yaani oili ya gia inaongezeka na kunuka petroli, ningeangalia kabureta na koki ya tangi. Na kama ingetoka na rangi ya chai ya maziwa, ningejua maji yameingia, aghalabu kwa kuvuka mto na kuzamisha mpira wa kupumulia.

Nikapitisha sumaku kwenye ile oili. Ukungu laini wa kijivu unaoshika sumaku ni wa kawaida, kila giaboksi inautoa. Chenga zinazong'aa zisizoshika sumaku ni za aluminiamu, mara nyingi kutoka kwenye ngoma ya klachi au kasha lenyewe. Zenye rangi ya dhahabu zinatoka kwenye bushi. Nilichopata kilikuwa vipande vidogo vya chuma vyenye pembe, vichache, vingine vya ukubwa wa punje ya chumvi ya mawe. Hivyo havitoki kwenye beringi. Ni pembe za meno ya ubavuni zilizomeguka. Kufikia hapo nilijua kwamba siku moja injini hii itapasuliwa. Lakini bado sikuipasua, kwa sababu nilikuwa sijajua kwa nini zimemeguka, na gia mpya ungeziweka juu ya sababu ileile zingemeguka tena.

Kulikuwa na lalamiko jingine ambalo baba mdogo hakulitaja kwa sababu alishalizoea. Ukisimama na injini inawaka, frii, yaani pale ambapo hakuna gia iliyoshika, haipatikani. Unapiga ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, mpaka uzime. Injini ikizimwa, frii inapatikana kwa kugusa tu. Hiyo karibu kila mara ni klachi isiyokata. Ukibana mkono, pleti hazitengani vizuri, kwa hiyo shafti inaendelea kuzungushwa na gia zinabanana. Na klachi isiyokata ndiyo inayomega pembe za meno, maana kila unapoingiza gia unagonganisha vyuma viwili vyenye mwendo tofauti. Nikarekebisha waya kwanza, nikauachia uchezaji wa milimita mbili tatu kwenye mkono kama kitabu kinavyotaka. Ikapungua, haikuisha.

Basi nikafungua kifuniko cha kulia. Na hapa nitatoa lawama bila jina. Kuna mtu huko nyuma aliona pedeli ya gia inateleza kwenye meno madogo ya ncha ya shafti, akaichomelea. Pedeli na shafti zikawa kitu kimoja. Kwanza moto wa kuchomelea uliua sili ya shafti ile, ikawa inatoa jasho. Pili, shafti ya gia kwenye DT inapita ndani ya injini kutoka kushoto na inatolewa kwa upande wa klachi. Ikiwa imechomelewa pedeli, haitoki popote. Ilibidi niikate kwa msumeno, polepole, kitambaa kimeziba tundu ili unga wa chuma usiingie. Pedeli nyingine inauzwa bei ya chakula cha mchana. Sijui kwa nini mtu huchomelea.

Klachi ilikuwa na mambo mawili. Pleti za chuma nilizilaza juu ya kipande cha kioo na kupitisha fila geji, kile kibapa chembamba cha kupimia pengo, chini yake. Kitabu hakitaki kupinda kuzidi milimita 0.05; mbili zilipitisha geji hiyo bila kubanwa. La pili lilikuwa ngoma yenyewe. Vidole vyake vya aluminiamu vilikuwa na makovu ya kina pale meno ya pleti yanapogonga. Ukiachia klachi hauoni shida, lakini ukibana, pleti zinanasa kwenye yale makovu badala ya kutelezea nje. Na zile chenga zisizoshika sumaku zikapata baba yao. Makovu madogo unaweza kuyasawazisha kwa tupa laini, kidole kwa kidole, ukihakikisha vyote vinabaki sawa. Nilifanya hivyo. Ikizidi hapo, tafuta ngoma nyingine.

Nyuma ya klachi ndipo kuna kitu ambacho kama ungeniuliza ni kipi kwenye Yamaha hizi watu hawakijui, ningekitaja hicho. Shafti ya gia inaishia kwenye mkono wenye makucha mawili, yanayovuta na kusukuma pini za dramu ya gia. Dramu ikizunguka, mifereji iliyochongwa juu yake inasogeza foku, zile uma za chuma zilizoshika gia, na foku zinasogeza gia. Sasa, pedeli ikiwa imetulia, makucha yanapaswa kuwa na nafasi sawa kwa pini ya kushoto na ya kulia. Nafasi hiyo inarekebishwa kwa skrubu moja yenye nati ya kufungia, na shina la skrubu hiyo limechongwa nje ya katikati makusudi, ili ukiizungusha kidogo mkono mzima uhame upande. Unaweka gia ya pili au ya tatu, unaangalia pengo la huku na la huku, unazungusha mpaka yalingane, unafunga nati.

Ya kwetu nati ilikuwa imelegea na skrubu imejigeuza. Pengo moja lilikuwa kubwa, jingine halipo kabisa, kucha limegusa pini. Maana yake kila ulipopandisha gia, mguu ulimaliza safari yake kabla dramu haijamaliza yake. Gia ya pili ilikuwa inaingia nusu. Meno ya ubavuni yalishikana kwa ncha badala ya kuingia mpaka ndani, na ncha ndizo zinazomeguka na kuwa duara.

Kwa nini ya pili na si ya nne? Kwa sababu kati ya ya kwanza na ya pili kuna frii. Safari ya mguu ni ndefu kuliko kwingine kote, na dereva akiwa mvivu kidogo tu, au pedeli ikiwa imepunguziwa safari kama hii, ya pili ndiyo inayoonewa. Ukiulizia pikipiki kuukuu yoyote ya Kijapani gia ipi inasumbua, jibu la kubahatisha liwe la pili; mara nyingi utapata.

Niliangalia pia kile kigurudumu kidogo chenye springi kinachokaa kwenye mashimo ya dramu kuizuia isihame. Springi yake ikichoka au ikikatika, unapata frii za uongo kati ya gia na gia. Ilikuwa nzima. Springi ya kurudisha pedeli nayo nzima. Ingekatika, pedeli ingening'inia.

Nikafunga, nikajaza oili ya 10W-30, nikarudi kwenye kilima kilekile. Frii ikapatikana injini ikiwaka. Gia zote zikaingia kwa sauti moja fupi. Ya pili ikakaa, ikakaa, na karibu na kilele, mafuta yote yakiwa wazi, ikachomoka. Kwa mwendo wa mjini usingejua kuna tatizo. Kwa Makete wakati wa masika, umebeba mtu na gunia la viazi, ingekuangusha.

Sasa ndiyo nikaishusha injini. DT inagawanyika katikati kwa wima, kulia na kushoto, hivyo gia huzioni mpaka umetoa magneti, klachi, silinda na kila kitu. Magneti inataka kifaa chake cha kuivutia, kinachofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Nyundo inapinda ncha ya krenki. Skrubu za kasha ni za msalaba wa Kijapani, ambao si sawa na msalaba wa kawaida ingawa kwa macho vinafanana. Bisibisi ya kugonga yenye ncha sahihi inazitoa zote. Isiyo sahihi inakuachia kazi ya kutoboa kwa dreli.

Ndani nilikuta nilichokiandika daftarini. Gia inayoteleza kuishika ya pili ilikuwa na meno ya ubavuni yaliyolika upande mmoja tu, ule wa kuvuta. Kiwandani uso huo unachongwa ukiinamia ndani kidogo, ili mzigo uzivute gia zikaribiane. Pembe ikishakuwa duara, mzigo uleule unazisukuma ziachane. Foku iliyokuwa inaihudumia ilikuwa na doa la bluu kwenye ncha, dalili ya chuma kilichopata joto kwa kusuguana: ilikuwa inaizuia kwa nguvu gia inayotaka kukimbia. Foku ya bluu nairudisha kwenye boksi la vyuma chakavu hata kama haijapinda, na sibishani na mtu kuhusu hilo. Joto hilohilo huletwa pia na dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli safari nzima.

Kuna aliyenishauri nipeleke meno yajazwe kwa kuchomelea kisha yachongwe. Gia hizi zimekomazwa juu na kuachwa na moyo laini ndani. Moto wa kuchomelea unaharibu vyote viwili, na huku sijaona fundi mitambo mwenye vifaa vya kuikomaza upya. Niliagiza kwa jamaa anayezunguka Gerezani, Dar es Salaam, akanipatia matumbo ya injini nyingine ya MX iliyopasuka kasha. Nilimtumia picha na idadi ya meno ya kila gia, na nikamsisitizia nataka jozi: gia yenye meno ya ubavuni pamoja na gia yenye matundu yake. Tundu lililolika litamaliza jino jipya kwa msimu mmoja.

Kuunganisha hakuna la ajabu zaidi ya subira. Washa zote nilizitunga kwenye waya kwa mpangilio zilivyotoka. Zile ringi za kubana zina upande wa mviringo na upande wenye ukingo mkali, na ukingo mkali unatazama mbali na gia inayosukuma. Sili zote mpya, ya krenki kulia ikiwa ya kwanza. Kabla ya kufunga upande wa pili nilizungusha shafti kwa mkono huku nikigeuza dramu, kutoka ya kwanza hadi ya sita na kurudi. Gia iliyosimama haiingii wakati mwingine kwa sababu meno yamekutana uso kwa uso, hivyo kuzungusha ni lazima. Asiyezungusha huogopa bure na kufungua tena.

Baba mdogo aliipanda mwenyewe kile kilima, na mzigo wa mbao juu kwa kusudi. Alirudi akaniuliza kama nimeweka gia zote mpya kama alivyosema fundi. Nikamwambia mbili na foku moja. Akaguna.

Imebaki gia ya sita. Ina mvumo mdogo ambao kwenye tano nyingine haupo. Kwenye giaboksi za Kijapani kila gia ina jozi yake, na nguvu inapita kwenye jozi moja tu kwa wakati, hivyo kelele ya gia moja ni ya jozi hiyo, na kelele ya zote ni ya beringi au ya gia za krenki kwenda klachi. Kwenye BSA au Triumph za zamani, pikipiki za Kiingereza, hesabu ni nyingine, kwani gia ya juu inapita moja kwa moja, na ikinyamaza hiyo huku nyingine zikilia unatazama shafti ya pembeni. Nilipokuwa ndani nilikagua jozi ya sita: meno yana vidoti vichache vya kutu ya zamani, hakuna kilichovunjika, na yale matumbo ya Gerezani jozi yake ilikuwa mbaya kuliko yetu. Nimeifunga ilivyo. Namwaga oili kila baada ya muda, napitisha sumaku, na hadi sasa kinachotoka ni ule ukungu wa kijivu tu.